Msikilizaji wa Chumba cha Nyuma

Kiti cha pili kilikuwa na joto. Bi Kopi alikigusa kwa bahati tu, alipokuwa akikisogeza apate pa kuweka mkoba, na joto lenyewe lilikuwa la kiti ambacho mtu kainuka sasa hivi. Mlango ulikuwa mmoja, na alikuwa ameufungua mwenyewe kwa ufunguo aliopewa. Akajiambia ni jua, ingawa chumba hakikuwa na dirisha. Mtu akitaka kitu kwa moyo wote hujidanganya kirahisi hivyo.

Alichotaka ni kitabu. Kutwa nzima alikuwa kwenye duka la kutoa kopi, akibana kazi za watu wengine majalada, na ndiko alikopata jina lake la utani. Kazi yake mwenyewe ilimchukua miaka sita: kisa cha marehemu mama yake, aliyemlea yeye na mdogo wake kwa kupiga pasi nguo za watu. Wachapishaji watatu walimrudishia wakiwa na jibu moja, kisa kizuri, lugha inakwaruza.

"Shoga, wewe unaandika kwa macho," aliambiwa na rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye alishatoa vitabu vitatu na mtaa mzima ukimwita Mwalimu. "Soma kwa sauti, kila sentensi. Sikio utalidanganya vipi? Kwako kuna kelele. Njoo mchana, saa ya mapumziko, usomee chumba changu cha nyuma."

"Utakuwa umenifaa kweli, shoga."

"Mama yako alinilisha miaka mingapi? Acha hizo bwana."

Basi akasoma. Alipofika ukurasa wa pili, mtu akasonya. Msonyo mrefu, wa karibu, kutoka kwenye kiti cha pili. Nywele zikamsimama. Akaitazama sentensi aliyokuwa ameisoma, akaona kweli ni mbovu, akaifuta, akaisoma upya. Safari hii ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba.

Mwingine angetoka mbio bila viatu. Lakini mwandishi aliyekataliwa mara tatu hamkimbii msikilizaji, hata kama haonekani. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Palipolegea, kiti kilisonya; palipokaza, kilishusha pumzi. Lugha yake ikanyooka, naye akaanza kutembea barabarani kidevu juu. Kila sura aliyoimaliza, chumba kilijaa harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ya moto. Wiki ya kwanza harufu ile ilimtoa machozi. Wiki ya tatu akawa anajiuliza tu inatoka nyumba gani.

Jioni moja mdogo wake, fundi umeme, alikuwa anakula kwake.

"Dada, leo nimemkumbuka mama alivyokuwa anaimba akikunja mashuka."

"Aliimba?"

Fundi akacheka. "Dada nawe! Si umeandika sura nzima?"

Akazitafuta karatasi. Sura ilikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaisoma kama kazi ya mteja iliyoletwa kubanwa. Asubuhi akaenda kwa Mwalimu kabla ya kufungua duka.

"Ni uchovu, shoga," Mwalimu alisema, akimshika mkono, ila macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa karatasi. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Imebaki sura moja. Imalize, upumzike."

Akamwamini. Angemwamini nani mwingine?

Mchana ule akaanza sura ya mwisho, siku ya kifo cha mama. Hakuwa amemaliza mstari wa kwanza aliposikia maneno yake yakirudiwa nyuma yake, kwa kunong'ona, neno baada ya neno, na alipopunguza sauti mnong'ono nao ukapungua, na alipotua nao ukatua, na katika ukimya ule akasikia kitu kingine, kidogo, cha kawaida kabisa, kikikwaruza upande wa pili wa mlango, kikikimbia kana kwamba kinachelewa, akakitambua kwa sababu alikuwa amekisikia miaka sita mezani kwake: kalamu juu ya karatasi.

Akafungua mlango. Mwalimu alikuwa amekaa kigodani, sikio mlangoni, daftari mapajani.

"Shoga. Unafanya nini?"

"Rudi ndani," Mwalimu alinong'ona. "Ananiambia mimi kile anachokula kwako. Usimwache na njaa, nakuomba."

"Umeniuza? Kwa mdudu wako?"

"Yangu yote ameshakula. Vitabu vitatu! Harusi yangu, wanangu wakiwa wadogo, vyote sivijui tena. Sina cha kumpa."

"Mama alikulea na wewe!"

"Nimeandika kwamba alinilea," Mwalimu alisema taratibu. "Kukumbuka, sikumbuki."

Bi Kopi akatoka na sura ile ya mwisho kifuani. Aliumia kuliko alivyoogopa. Kichwani alibaki na mama mmoja tu, yule wa kitandani, anayekata roho. Kila jioni akamwomba mdogo wake amsimulie mama mzima alikuwaje, na fundi akasimulia kwa uvumilivu, naye akamwokota mama yake kidogo kidogo.

Kitabu cha Mwalimu kilipotoka, fundi aliingia dukani nacho, jasho linamtiririka, sauti imemkauka.

"Mwizi mkubwa! Ni mama yetu kila ukurasa! Tangu asubuhi nawasomea mafundi wenzangu kwa sauti, wawe mashahidi. Imebaki hii tu, sikiliza..."

"Kwa sauti?" Bi Kopi aliruka kaunta. "Funga! Funga hicho kitabu!"

Lakini alikuwa ameshaanza, kwa hasira, kidole kikifuata mstari, na duka likajaa harufu ya nguo mbichi na pasi. Katikati ya ukurasa sauti yake ikapungua. Akamaliza sentensi ya mwisho taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma, akakiweka kitabu kaunta, akamtazama dada yake huku machozi yakimshuka.

"Dada, nina hasira, karibu nipasuke," alisema. "Ila sielewi za nini. Kwani mama huyu ni wa nani?"