Kiganja cha Tabibu Zuhdi

Mambo haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, si ya kuazima. Nilikuwa mchota maji wa hospitali ya jeshi pale Manfalut, na mchota maji huingia hata chumba ambacho jenerali anabisha hodi. Wanaosimulia kisa hiki kule Asyut wote waongo. Waulize siku ile walisimama wapi.

Tabibu Zuhdi Efendi alikuwa mtoto wa kinyozi. Jeshi lilimwokota, likamsomesha upasuaji, likampeleka vita vya Shamu. Huko alikata miguu ya askari chini ya mizinga huku anatafuna karafuu, na mkono wake haukutetemeka hata siku moja. Aliporudi akapewa kazi ya kupima vijana waliokamatwa vijijini kutiwa jeshini. Kazi hiyo ilimjaza nyongo. Wakulima walikuwa wanajikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, wasiweze kufyatua bunduki, na Zuhdi aliwachukia kuliko adui. Kila akiona kisiki cha kidole, aliwakumbuka waliomfia mezani.

Asubuhi moja, watu tunakunywa supu ya dengu, akaletwa kijana anaitwa Gadallah. Kidole cha shahada hakipo. Nyuma yake mama yake, Nafusa, ameshika kitambaa.

"Kinu cha miwa ndicho kilichokila, bwana tabibu, Mungu akuweke," mama akasema. "Hiki hapa, nimekitia chumvi. Kitazame mwenyewe."

Zuhdi akakitazama. Kilikuwa kimepondwapondwa, mfupa umekuwa unga. Kisu hakipondi. Mtu aliyepasua watu nusu ya umri wake hawezi kukosea hapo, na hakukosea. Alijua! Lakini alikuwa ameshatamka mbele ya maofisa kwamba kijana ni mwongo, na mkaguzi mkuu alikuwa njiani kutoka Kairo kuja kumpa cheo cha Bey. Ajisute mbele ya mwanamke wa shamba? Akakitupa kidole uani. Mbwa akakidaka.

"Mchapeni nyayo," akasema. "Na hicho kidonda asikiguse mtu. Aliyejikata ajitibu."

"Tabibu, nina huyu tu. Wewe huna mama?"

"Ninaye, na hakunilea kiwoga. Mtoeni bibi huyu!"

Kidonda kikaoza. Gadallah akafia kwenye mkeka, karibu na mitungi yangu, na Zuhdi akairuka miguu yake kama mtu anayeruka dimbwi.

Mkaguzi akafika kesho yake mchana, jua la utosi. Hospitali ilikuwa imeongezwa jengo jipya, basi akachinjwa kondoo mlangoni. Kwetu mwenye nyumba huchovya kiganja kwenye damu akakibandika ukutani, jicho la hasidi lisiingie. Zuhdi akakunja mkono wa joho. Akachovya. Akabandika.

Vigelegele vikakatika.

Ukutani palikuwa na dole gumba. Kisha pengo. Kisha vidole vitatu.

Zuhdi akautazama mkono wake. Vidole vitano, vyote vinachuruzika. Akabandika tena, kwa nguvu. Vinne. Akabandika tena. Vinne.

"Jamani," askari mmoja akanong'ona, "naye anakwepa jeshi?"

Hakuna aliyecheka.

"Ukuta una shimo!" Zuhdi akafoka. Akamvuta yule askari kwa ukosi. "Bandika wewe, mbwa wee!"

Askari akabandika palepale. Vitano.

Mkaguzi, mzee wa Kituruki mwenye masharubu ya hina, akanyoosha fimbo kuelekea chumba cha upasuaji. Humo sajini mwenye mguu uliooza alikuwa anasubiri.

"Kama mkono ni mzima, kata," akasema. "Nikuone."

Zuhdi akashika kisu. Kikaanguka. Akakiokota. Kikaanguka. Kidole cha shahada kilikuwa kimelala pembeni, baridi, kama si chake. Akakiuma. Hakusikia kitu. Akakibonyeza kwa mkono wa pili.

Kikabonyea kama tende mbivu. Ndani mfupa ulikuwa unga.

"Nani kanishika?" akanong'ona. "Nani ananishika mkono?"

Karibu yake hapakuwa na mtu.

Kidole kile kilikatwa na mwanafunzi wake mwenyewe, kabla hakijaozesha mkono mzima. Cheo cha Bey kikarudi Kairo na mkaguzi. Zuhdi akaondoka Manfalut juu ya punda, mkono kauficha kwapani, na walinzi wa kila kijiji wakamsimamisha: "Onyesha mkono, wewe! Umejikata lini?" Akawaapia kwa Mungu na Mtume. Nani angemwamini? Alipofika kwenye kaburi la Gadallah alishuka, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe."

Ukuta ule wa mlangoni hupakwa chokaa kila sikukuu. Nimeupaka mimi mwenyewe. Chokaa hukauka kote, isipokuwa pale penye pengo la kidole. Pale hapakauki. Ukipagusa unatoka na majimaji, na ukiyanusa ni maji ya miwa.

Yote haya nimeyaona, walahi, ila neno moja nimelitia mwenyewe, kwa sababu kila ninapohadithia watu wananikodolea macho wakilingoja: lile "nisamehe". Pale kaburini Zuhdi hakushuka. Alimchapa punda, akapita.