Betri ya Gari la Marehemu Shemeji

Rafiki yangu mmoja, fundi umeme wa magari, hasadiki mizimu. Yeye husema duniani kuna wezi tu. Dada yake alipofiwa na mume, gari lilibaki bandani bila kuendeshwa. Fundi akafunga chaja ya sola juu ya paa, waya ukashuka hadi kwenye betri ili isife. Jua lilikuwa kali na chaja nzima, lakini kila akija anakuta betri imekwisha.

"Dada, kuna mtu analiwasha hili gari. Yule jirani yako simwamini."

"Ufunguo ninalala nao mimi," dada akajibu. "Ataliwashaje?"

Jibu hilo likamfanya amtilie shaka hata dada mwenyewe. Akaamua kukata mzizi wa fitina: ataing'oa betri aende nayo kwake. Ndani ya banda mlikuwa giza, ingawa nje ni mchana. Akachomoa waya wa chaja, akafungua nyaya za betri kwa kupapasa, hasi kwanza, kisha chanya. Akaipakata betri kifuani, akaanza kutoka.

Nyuma yake pakalia tik, tik, tik.

Dada, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Nyumba nzima ilizoea kumcheka marehemu kwa jambo moja: hata akiingia uani kwake mwenyewe, lazima atoe indiketa.

Fundi akageuka polepole, betri ikimlemea mikononi. Taa ya kushoto ilikuwa ikiwaka na kuzimika, upande ule aliosimama dada yake.