Redio Ile Ile

Ndugu zangu, seremala huyu mnamfahamu. Kila asubuhi alifungua karakana yake nyuma ya nyumba, akawasha redio, akashika randa. Mkewe akiwa jikoni alisikia vyote viwili kwa pamoja, habari za dunia na mbao ikilainishwa. Hawakuwa na mali, lakini hakuna aliyelala njaa mle ndani.

Mtaa wa pili alikuwepo muuza vitu vilivyotumika, bwana mwenye maneno matamu na asiye na haraka. Siku moja seremala akaiona baiskeli dukani kwake.

"Lete redio yako na kitu kidogo juu, nami nakuachia," bwana yule alimwambia.

Baiskeli itanibebea mbao, seremala akajisemea. Akatoa redio, akaongeza msumeno. Mwezi haujaisha, ikamvutia simu. Wateja watanipata popote nilipo. Akatoa baiskeli, akaongeza keekee ya kutobolea. Simu nayo ikamchosha, inalia yuko katikati ya kupima. Redio je? Redio haimsumbui mtu. Akatoa simu, na juu yake akaweka randa, akarudi na redio.

Kila mara alikuwa na sababu, na kila sababu ukiisikia peke yake ilikuwa na akili. Hapo ndipo tunaponaswa wengi, na mimi nimo.

Jioni ile mkewe aliitazama redio mezani. Akagusa kitufe cha mti ambacho mumewe alikichonga mwenyewe baada ya kile cha dukani kuvunjika.

"Baba watoto, hii si ile redio yetu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Hebu nieleweshe basi. Redio na baiskeli, ulitaka ipi?"

"Baiskeli."

"Baiskeli na simu?"

"Simu."

"Simu na redio?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Redio."

"Unaona unavyozunguka? Yule bwana hajakuibia kitu, mume wangu, umempelekea mwenyewe. Kila siku unaniambia kazi ndiyo roho yako. Mbona ukiambiwa uchague, kinachotoka ni vifaa vya kazi?"

Aliona aibu, na ilimuuma zaidi kwa kuwa mkewe hakupandisha sauti.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu alikuja kutaka madawati ya shule nzima, kazi ya miezi. Seremala alikwenda mbio kwa bwana yule. Vifaa vilishauzwa. Mwalimu alivumilia siku tatu, muungwana kweli, kisha akampa kazi fundi mwingine. Leo seremala wetu anambebea fundi huyo mbao.

Juzi binti yake alikuwa akijaza fomu.

"Baba, wanauliza kazi ya mzazi. Niandike seremala?"

"Andika kibarua, mwanangu."

Binti hakuandika kitu. Aliruka nafasi ile, akaendelea na swali linalofuata.

FUNZO

Tusijidanganye kwa tunayoyasema. Ukitaka kujua unachokithamini, tazama ulichokichukua na ulichokiacha siku ulipoweza kupata chochote kati ya hivyo viwili. Na kabla hujabadilisha tena, jiulize kama unachokitamani leo si kile ulichokitoa jana. Seremala aliulizwa swali hilo na mkewe, ila alikuwa amechelewa, na nyumba yake yote inalipa.