Pumzi ya Kutia Uzi

Fundi alikuwa na desturi ya kubana pumzi anapotia uzi kwenye sindano. Asubuhi moja alibana, akasikia kitu kikichanika taratibu, kama utepe wa kunata wa viatu vya watoto ukibanduliwa. Akageuka. Mdogo wake alikuwa anapiga pasi.

"Unabandua nini?"

"Nabandua macho, dada. Sijalala vizuri."

Fundi akaachia pumzi, akakohoa kikavu, wakaendelea na sare za shule.

Miezi minane waliambiwa kikohozi hicho ni vumbi la vitambaa. Kisha umri, maradhi ambayo daktari mchovu huyatibu kwa kuyataja tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini vidole vyake vinageuka vyeupe kama chaki akigusa maji baridi, wala kwa nini kila asubuhi vinagoma kukunjuka. Ngazi kumi na mbili za karakana zikawa mlima.

"Nikishindwa kupanda, cherehani chukua wewe," alimwambia mdogo wake, kama anayetaja idadi ya vifungo.

Mdogo mtu akaleta mganga, aliyeanza kwa mbwembwe zote za kazi yake. Akafukiza, akamuuliza jini ametoka wapi. Mbwembwe zikamwisha.

"Anasema hajatoka popote," alinong'ona. "Ni wa humu humu. Mimi natoa wageni."

Akaondoka, chetezo chake kikibaki kinafuka sakafuni.

Hospitalini, daktari wa mapafu na daktari wa viungo walirushiana faili wiki tatu kabla ya kukaa chumba kimoja. Wa mapafu akaweka kipimo chake cha kusikilizia mgongoni mwa fundi, chini kabisa ya mbavu.

"Vuta. Toa. Sasa bana pumzi, mama."

Akabana. Daktari akasikiliza, saa ya ukutani ikahesabu, na ule mchaniko ukaendelea, ukipanda ubavu mmoja baada ya mwingine bila haraka yoyote, kama mpangaji wa siku nyingi anayepita vyumbani kuhakikisha madirisha yote yamefungwa.

"Nimesema usipumue," daktari alisema kwa sauti ya chini.

Fundi akatikisa kichwa. Mdogo wake hakuwa ameondoa macho mdomoni mwake. "Hajapumua, daktari."

Wa viungo ndiye aliyeeleza, macho yake kwenye karatasi. "Vipimo vya damu na picha vinakubaliana. Walinzi wa mwili wako wamewageukia wenye nyumba. Walianza na viungo, sasa wanayatia mapafu makovu. Tutakupa dawa ya kuwalaza. Kuwatoa hatuwezi."

"Mganga naye alisema hivyo," alisema mdogo mtu. Hakuna aliyecheka.

Sasa fundi anameza vidonge kila siku, na kila miezi mitatu anapuliza kwenye mashine ya kupima pumzi. Ngazi anapanda, akipumzika kwenye ya sita. Wanasema ugonjwa umetulia.

Jana alibana pumzi ili atie uzi. Ndani yake, upande wa kushoto, kitu kilikuwa kinakoroma polepole. Akatia uzi, akafunga fundo, kisha akaitoa pumzi kidogo kidogo, asimwamshe.