Pua ya Khamisi

Nuhu alimkanyaga Ikram kidole pale Kibirizi, katikati ya msongamano wa wanunuzi wa dagaa. Ikram akakaza kanga kiunoni, akamtazama.

"Kaka, eneo lote hili umekiona kidole changu tu?"

"Nilikuwa nakutazama usoni, dada. Ndiyo maana sikukiona."

Namba ya simu ikatoka. Haukupita muda wakapanga Nuhu aende Ujiji kujitambulisha kwa Bibi Fatu, mwenye pumu, aliyemlea Ikram tangu utotoni. Ndipo Nuhu akapata korona. Muuguzi akampa vipimo vya pua: ikitokea mistari miwili bado anaambukiza, asitoke chumbani kwake Bangwe mpaka ubaki mmoja.

"Umepima, mpenzi?" Ikram aliuliza kila jioni.

"Bado miwili. Lakini mwili mzima kabisa, mamii."

"Mwili hauna mistari. Kaa ndani."

Alhamisi ikaingia picha ya kipimo, mstari mmoja. Ijumaa Nuhu akafika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, marashi yanamtangulia.

"Njoo unilishe, mume wangu," alisema Bibi Fatu, kwa utani wa bibi na wajukuu. Sinia lilikuwa moja, wali na samaki, migebuka ya nazi. Nuhu akapangusa kamasi kwa vidole, na vidole vilevile vikafinyanga tonge, likaingia kinywani mwa bibi wa watu.

Ikram akamvutia uani.

"Unaumwa mafua. Ile picha je?"

Nuhu akainamisha kichwa. "Nilipima pua ya Khamisi, rafiki yangu. Nilikukumbuka mno, Ikram."

"Ukaona uje umlishe bibi yangu makamasi. Toka."

Bibi Fatu akaugua korona, kifua kikabana, ikabidi alazwe na kuwekewa oksijeni. Ikram alikesha naye, hakupokea simu hata moja ya Nuhu. Bibi alipotoka hospitali, Nuhu akapiga simu ya video. Akajipima mbele ya kamera, kisha akainua kipimo.

"Pua yangu mwenyewe. Mstari mmoja. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Hata bibi anakuulizia."

"Basi nije?"

Ikram alivitazama vile vidole vilivyoshika kipimo. Alikuwa bado anampenda, lakini vilimtia kinyaa.

"Usije, Nuhu. Sitaweza kula na wewe tena."

Akakata simu, akanawa mikono, akaenda kumtengea bibi chakula.