Sauti Ilikuwa Yangu, Uongo Haukuwa Wangu

Nina miaka thelathini na minne, ni mjane, nauza samaki wa kukausha hapa Busia, upande wa Uganda. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni... mpaka mwisho.

Jirani yangu sokoni alikuwa Athieno, mwanamke aliyetoka Kisoko. Tulikuwa chanda na pete! Panya walikuwa wametusumbua, basi asubuhi moja nikiwa njiani kwenda Lumino kumuuguza mama, nikamtumia ujumbe wa sauti: "Dada, nimeweka dawa kwa samaki moja pale kwa kona, panya ikule ikufe. Usigusa."

Athieno aliurekodi upya kwa simu nyingine, akakatia penye neno samaki. "Nimeweka dawa kwa samaki"... basi! Akaisambaza.

Kwetu dawa hutibu, dawa huua, dawa huroga. Kila mtu alisikia kile alichokiogopa. Kufika mchana sauti yangu ilishavuka mpaka, imeongezewa kwamba watu wamekufa. Nani? Wapi? Hakuna aliyeuliza!

Wateja walinikimbia. Hayo ningeyavumilia. Lakini mama yangu... Alikuwa hali kitu ila nimlishe mimi. Nikamnyanyulia kijiko cha uji, akafunga mdomo. Kumbe wifi, mke wa kaka yangu, alishamsikilizisha sauti ile!

"Mwanangu, hii si sauti yako?"

Ningekataaje? Ilikuwa yangu. Nikamwekea ujumbe mzima kutoka kwenye simu yangu. Wifi akasema, "Hiyo umetengeneza sasa hivi." Mama akageukia ukutani.

Tangu hapo alikula kidogo tu mkononi mwa wifi, huku mimi nimekaa nje nikilia. Ugonjwa ukamzidi. Mama alikufa akiiogopa mikono yangu! Kuna uchungu kupita huo?

Athieno alikuja msibani, akaanguka miguuni pangu. Alisema alitaka wateja wangu tu, hakujua sauti ingefika kwa mama. Mpaka leo sijamjibu.

Nawasihi, ndugu zangu. Ukitumiwa sauti, usiisambaze kwa sababu tu unamjua mwenyewe. Sikiliza imeanzia wapi, imekatikia wapi. Anayedai watu wamekufa, akutajie majina yao. Na kama una namba ya mwenye sauti, mpigie!

Namba yangu walikuwa nayo watu wa soko zima. Wifi alikuwa nayo. Simu ilikuwa mkononi mwangu siku ile yote, wala haikulia... Mtu mmoja tu angeniuliza, ningemjibu. Na mama angekunywa uji wangu.