Sauti za Watu Ndani ya Mashine

Kalunde alipofungua chumba cha kompyuta alikutana na harufu nzito ya ubani. Hakuna aliyewahi kufukiza ubani katika ofisi ile ya misaada mjini Kitui.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Kompyuta kubwa ilikuwa moja, wafanyakazi wote wakiitumia kupitia skrini za vyumbani mwao. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa siri, msururu wa namba wa kufungia barua zake ili asizisome mwingine. Kalunde, mtunzaji wa mashine, alitaka kila mtu akae na wake kwenye disketi. Mkubwa wao, Mzee Nzomo, alikataa.

"Watapoteza. Weka zote humo ndani."

Akaziweka.

Mbula wa mapokezi aliingia mbio. "Kalunde, umesoma barua yangu?" alinong'ona. "Ya mtoto niliyemficha Matinyani?"

"Ningeisomaje?"

"Basi nani anaisoma? Sikiliza."

Ndani ya mashine, chini ya mvumo wa feni, mwanamke alikuwa akisoma polepole, na sauti ilikuwa ya Mbula, na Mbula mwenyewe akafungua mdomo apige mayowe lakini hakikutoka kitu, kisha ikaingia sauti ya dereva, na ya mhasibu, na ya Mzee Nzomo akitaja mambo ambayo mkewe hakuyajua, hadi ofisi nzima ikanyamaza na watu wakajazana mlangoni wameshika makoo, bubu.

Kalunde alikuwa mtu wa kanisa, lakini alimpigia simu Maalim Dubow, mwenye duka kule Kabati, aliyejulikana kwa kutoa majini. Maalim alifika, akanusa hewa, akarudi nyuma.

"Binti yangu, hili halikuvunja mlango. Limekuta siri za watu zimerundikwa pamoja. Mrudishie kila mtu chake."

Maalim akasoma dua. Kalunde akanakili funguo kwenye disketi moja moja, akizifuta mle ndani, na kila aliyekabidhiwa yake alirudiwa na sauti. Mbula alilia kwa nguvu, akimshukuru Mungu. Kalunde akachukua wake mwisho. Mashine ikanyamaza, harufu ikaisha.

"Limetoka," Maalim alisema. "Lakini lilichokwisha kukichukua, sijui."

Jioni Kalunde alifika kwao, akashika komeo la geti.

"Mwaitu! Mama, nimerudi!"

"Unaniita nini tena?" mama alijibu toka jikoni. "Si uko hapa tunaongea?"

"Niko hapa, mwaitu," ikasema sauti ya Kalunde, mle mle jikoni, taratibu.

Kalunde akafungua mdomo kumwonya mama yake. Hakikutoka kitu.